Sweta la Januari

Jua la Arusha mwezi Januari halina utani. Hata watu wa Ngaramtoni, wanaoshinda na makoti Julai nzima, utawaona wamevaa fulana. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anakaa kwangu mwaka ule ili awe karibu na kambi yake ya riadha, na saa sita mchana ungemkuta barazani amevaa sweta na soksi, mikono ameibana kwapani. Mimi ni mtu wa maabara, cha kwanza kunijia kichwani ni malaria. Nikampima. Hakuna kitu.

Alikuwa anajiandaa kwa nusu marathoni ya Moshi, ile inayokimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Umri wake miaka 22, na tangu utoto alikuwa mtu wa kula akashiba. Kocha aliyekuwa naye wakati huo aliwapandisha wasichana kwenye mizani kila Jumamosi mbele ya wavulana, uzito ukasomwa kwa sauti. Basi akaanza kupunguza. Ilianza sukari kwenye chai, baadaye chai yenyewe ikageuka maji ya moto, ugali ukabaki matonge machache ambayo aliyamega pembeni ya sahani mapema ili nisimwongezee, wali akauacha kabisa. Kilo zilishuka vizuri mwanzoni. Alipofika 49 zikagoma, na kwa sababu zimegoma akazidi kujinyima.

Na mengine niliyaona. Kitana chake kilikuwa kinajaa nywele za mbele. Choo alipata kwa shida. Jioni moja tunachambua mchicha akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, tangu Agosti sijaziona siku zangu." Alisema wenzake kambini wanaambiana ni dalili ya mazoezi kuingia vizuri mwilini. Hasira niliyoipata pale sikumwonyesha. Msichana anakatika hedhi miezi mitano, na watu wazima wanaomsimamia wanamwacha aamini kwamba ni sifa.

Wiki iliyofuata akaja na pakiti ya vidonge mkononi, levothairoksini, vimenunuliwa duka la dawa bila cheti. Mwenzake amemwambia tezi ya shingoni imelala, ndiyo maana anasikia baridi na uzito haushuki, na kwamba vidonge vile vitaiamsha. Nikamwomba asimeze hata kimoja mpaka tupime.

Nilimtoa damu mwenyewe kesho yake asubuhi. Mkono ulikuwa wa baridi, mishipa imejificha ndani kabisa, nikagongagonga kwenye kiwiko wala hakuna kilichoinuka. Ilibidi nimfunge kitambaa cha maji ya moto, nisubiri, halafu nitumie sindano ndogo ya watoto. Nilipomshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo, yalikuwa 41 kwa dakika. Mkimbiaji aliyeiva anaweza kuwa na mapigo ya namna hiyo na akawa mzima, kwa hiyo peke yake hayakusema kitu. Chupa ya kifuniko cha manjano ikajaa polepole. Nikaiacha damu igande, nikaiweka kwenye mashine ya kuzungusha, nikakaa kando nikiangalia ute wa njano ukijitenga juu.

Majibu yalitoka na kitu ambacho mtu akikitazama haraka atakipita. TSH, ile homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi, ilikuwa 1.3, katikati ya mipaka ya kawaida. T4 na T3 ni homoni za tezi yenyewe. T4 ilikuwa ndani ya mipaka, upande wa chini. T3 ndiyo iliyokuwa chini ya mstari.

Nilimpeleka kwa daktari mmoja wa magonjwa ya ndani, mama wa makamo ambaye tulifahamiana kikazi. Hakuanza na karatasi. Alimtazama mdogo wangu, akamtazama na lile sweta, akauliza, "Mwanangu, jana ulikula nini?"

Akaanza kutaja. Uji kikombe kimoja, mkavu bila maziwa. Mchana ndizi mbili mbivu na mboga. Usiku ugali kidogo na dagaa. Daktari aliandika kila kitu mgongoni mwa karatasi ya majibu, akakadiria, na kwa ukarimu mkubwa akafikisha kalori 1,500. Kisha akauliza anakimbia kilomita ngapi. Ishirini kwa siku. Mtu akikimbia kilomita moja hutumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake, akasema, kwa hiyo 49 mara 20, hizo ni 980 zimebaki barabarani. Za kuendesha moyo, ubongo, ini, mifupa na kizazi zimebaki 520. Akatoa mafuta ya mwilini, akagawanya kwa kilo 42 zilizobaki, akapata kama 12 kwa kila kilo. "Mwanamke anahitaji kama 45 ili kila kitu kiende sawa. Chini ya 30 mwili unaanza kufunga milango. Wewe uko 12."

Mdogo wangu akauliza kama tezi yake imeharibika. Nalikumbuka jibu kwa sababu lilikuwa refu, na daktari hakuwa na haraka ingawa foleni nje ilikuwa ndefu. Alisema tezi ingekuwa inakufa, TSH ingepanda, kwa sababu ubongo ungekuwa unaipigia kelele ifanye kazi. Hapa ubongo umetulia. Tezi hutoa zaidi T4, ambayo ni kama akiba, na ini na viungo vingine ndivyo vinavyoigeuza kuwa T3, homoni inayopandisha joto na kasi ya mwili. Njaa ikikaa muda mrefu, mafuta mwilini yakapungua na homoni yake ya leptini ikashuka, ubongo hupata habari kwamba chakula hakuna. Amri kwa tezi inalegezwa. Sehemu kubwa kuliko kawaida ya T4 inageuzwa kuwa T3 ya kinyume, isiyofanya kazi. "Bibi yako alikuwa anafukia makaa kwenye majivu usiku ili yafike asubuhi. Mwili wako umefanya hivyo. Ukimeza vidonge hivi unapuliza moto wakati kuni hakuna. Utaunguza misuli, utaunguza mifupa, na moyo utakwenda mbio usiku."

Hapo niliongeza langu, kwa sababu sikutaka mtoto atoke akidhani dawa ile ni sumu. Jirani yetu aliyeondolewa tezi kwa upasuaji hunywa kidonge hicho hicho kila asubuhi, na bila hicho asingekuwepo.

Zamu za usiku zilizofuata, mashine zikiwa zimetulia, nilisoma kila nilichoweza kupata. Nilimsoma Ancel Keys, mtafiti wa Minnesota, Marekani, ambaye mwaka 1945 aliwalisha vijana 36 nusu chakula kwa wiki 24 ili madaktari wajue namna ya kuwahudumia watu waliotoka vitani na njaa. Walipoteza kama robo ya uzito wao, na matumizi ya nishati ya miili yao yakashuka kwa karibu asilimia 40. Walisikia baridi kiangazi. Niliposoma hapo nililiona lile sweta. Tena wale walikula kama kalori 1,570 kwa siku, karibu kiasi kilekile ambacho daktari alimkadiria mdogo wangu, na hakuna aliyewaambia wanajinyima kwa ajili ya medali.

Kilichonigusa zaidi ni utafiti wa Anne Loucks huko Ohio, miaka ya 1990. Aliwafanyisha wanawake mazoezi huku akiwabania chakula, na T3 ikashuka ndani ya siku 4 tu. Wengine walifanya mazoezi yale yale lakini wakaongezewa chakula cha kufidia, na T3 yao haikushuka. Nilimwamsha mdogo wangu alfajiri nikamsomea. Akaketi kitandani kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo ningeweza kukimbia hivyo hivyo, nikala?"

Mazoezi daktari alishayapunguza nusu, na Moshi hakwenda mwaka ule. Alilia siku ya mbio. Kula nako hakukuwa rahisi kama watu wanavyofikiri. Tumbo lilikuwa limezoea kidogo, likajaa gesi, na kila tonge la ziada alilitazama kama kosa. Tulianza na uji wa ulezi uliopikwa na maziwa na karanga zilizosagwa, alfajiri kabla ya kutoka, na kingine cha kula ndani ya nusu saa akirudi. Parachichi kila siku, Arusha halina shida. Mama mdogo alipopata habari akapanda basi kutoka Karatu na debe la mahindi na kunde, akapika makande sufuria kubwa, akakaa mezani mpaka sahani ikaisha. Hakusema neno kuhusu kocha. Alisema tu, "Kula, mama," kila mara mkono wa binti yake uliposita.

Sweta alilivua mwenyewe mwezi Machi, mvua zikiwa zimeanza na sisi wengine tukitafuta makoti. Aprili nilimtoa damu tena, mshipa ukainuka mara ya kwanza, na T3 ilikuwa imerudi ndani ya mipaka bila kidonge chochote. Hedhi ilichelewa zaidi, ikaja Juni. Daktari alitutahadharisha kwamba mifupa ndiyo huchukua muda mrefu kuliko vyote, na mingine hairudishi yote iliyopoteza.

Kambi alihama. Siku nilipompeleka kwa kocha mpya, mwanamke aliyewahi kukimbia mwenyewe, nilikuwa nimebeba karatasi zote za majibu kwenye bahasha. Hakuzifungua kwanza. Aliniuliza, "Asubuhi anakula nini kabla hajatoka? Na siku zake anaziona?"