Tafakari ya Wiki: Mkesha wa Nyimbo

Wapendwa, wiki hii tukae na Zaburi ya 134, ile fupi inayowaita watumishi wasimamao usiku nyumbani mwa BWANA. Tuisome tukiwatazama Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, New Mexico na Utah, huko Marekani. Kwao kuimba ndiyo ibada yenyewe, na anayeongoza tambiko la kuponya huitwa hataałii, yaani mwimbaji.

Binti akivunja ungo hufanyiwa kinaaldá, tambiko la kuingia utu uzima, siku 4. Kila siku hukimbia kuelekea mashariki, akiongeza umbali. Wanaomfuata hawampiti, anayempita, wasema wazee, atazeeka kabla yake.

Uzito uko usiku wa mwisho. Mlango wa hogani, nyumba yao ya asili, hutazama mashariki, na mwimbaji huketi upande wa magharibi. Binti huketi mgongo wima, miguu kainyoosha, na haruhusiwi kusinzia. Zinatangulia nyimbo za hogani, kisha nyingine, hadi zile za mapambazuko. Mstari hurudi na kurudi likibadilika neno moja tu, na hapo ndipo mwanafunzi wa uimbaji hupotea. Ndiyo maana hukaa miaka kando ya mwalimu wake, akijifunza kwa sikio. Haongezi lake wala haruki, kwa sababu nyimbo hizi zinamfuata Mwanamke Abadilikaye, mtakatifu wa masimulizi yao, aliyefanyiwa kinaaldá ya kwanza. Kinachotafutwa ni hózhó: uzuri, afya na utulivu, vyote kwa neno moja.

Hapa tujiulize kwa uchungu kidogo. Ni mara ngapi ibadani tunaweka wimbo ili watu wapate kuingia na kuketi, mahubiri yaanze?

Nje ya hogani kuna kazi nyingine usiku huohuo: kuoka mkate wa mahindi. Shimo huchimbwa na kuwashwa moto mpaka udongo upate joto sawasawa. Makaa huondolewa, shimo likatandikwa maganda ya mahindi, ukamiminwa uji mzito wa unga wa mahindi uliokorogwa kwa maji ya moto. Hufunikwa kwa maganda mengine, udongo juu, kisha moto tena hadi asubuhi. Moto ukipungua, katikati hubaki mbichi. Ukizidi, juu huungua. Kwa hiyo wa nje nao hukesha, nyimbo zikiwafikia kupitia ukutani. Huo nao ni utumishi wa usiku, ingawa anayechochea kuni haongozi wimbo hata mmoja.

Kunapopambazuka, binti huoshwa nywele kwa povu la mzizi wa yuka, nyimbo zikiendelea, kisha hukimbia mara ya mwisho. Mkate hufukuliwa na kukatwa. Sehemu ya katikati hupewa mwimbaji. Binti, aliyesaga mahindi yale kwa siku kadhaa, hugawa vipande kwa wote waliokesha naye, na yeye mwenyewe hauli.