Sanamu ya mama anayetazama bahari

Saa tano usiku hapa Grise Fiord, kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada. Jua linawaka utadhani ni alasiri.

Wenyeji, Wainuit, wanapaita Aujuittuq: mahali pasipoyeyuka kamwe.

Leo bibi mwenyeji wangu alinishika mkono, tukashuka polepole hadi ufukweni. Bahari yote barafu, mpaka upeo wa macho. Pale pana sanamu ya jiwe: mama, mwanawe mdogo na mbwa. Mama anatazama upande wa Resolute, kijiji kingine mamia ya kilomita kutoka hapa, ambako sanamu nyingine, mwanamume peke yake, inatazama huku.

Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizihamisha familia za Wainuit kutoka Inukjuak, kusini mbali sana, ikazileta kisiwa hiki na Resolute, ikaziahidi kuzirudisha baada ya miaka miwili. Haikutimiza ahadi hiyo. Wakiwa melini ndipo wakaambiwa watatenganishwa. Serikali iliomba radhi 2010. Miaka 57, jamani!

Bibi alivua glavu, akapangusa theluji usoni mwa yule mtoto wa jiwe. Taratibu, kama mtoto anavyofutwa makamasi.

Hakusema neno. Mimi koo lilinikaba.

Ndugu zangu, nani ana mzee aliyehamishwa kwao? Alikuwa akikumbuka nini zaidi? Niandikieni, niko macho.