Nilivyoandika stori ya mtoto wa nyumba mbili bila kumlazimisha achague

Nianze na hili maana kila aliyesoma ile hadithi yangu ananiuliza kwa sauti ya pole: hapana, wazazi wangu hawajaachana, wako pamoja mpaka leo na wanagombana vizuri tu kama watu wengine. Ile hadithi nimeitunga. Na nadhani kutokuwa na ya kwangu ya kusimulia kulinisaidia, kwa sababu ilibidi niulize watu, na nilipouliza nikapata vitu ambavyo kichwani kwangu visingekuja hata ningekaa mwaka mzima nautolea macho ukurasa mtupu.

Niliwauliza watu wazima ambao najua wamekulia nyumba mbili, marafiki wengi wao. Mi nilitegemea machozi, milango kubamizwa, mtoto kajifunika shuka anasikiliza wazazi wanatukanana. Wapi. Walinipa viatu. Yani kiatu cha shule kimebaki kwa baba na kesho ni Jumatatu, sa mtoto amelala macho makavu anawaza aseme au avae raba tu akachapwe shuleni, kwa sababu akisema simu itapigwa, simu ikipigwa mama atasema "hata kiatu cha mtoto kinakushinda", na mtoto anajua kabisa baba hakusahau, aliyesahau ni yeye. Mwingine akaniambia swali alilokuwa analiogopa kuliko yote ni "enhe, huko mambo vipi?" maana halina jibu salama: ukisema kulikuwa kuzuri umemuumiza aliyekuuliza, ukisema kubaya umemchongea ambaye hayupo kujitetea. Kwa hiyo alikuwa anajibu "kawaida tu". Miaka na miaka, kawaida tu.

Hapo ndo nikajua stori ninayo.

Kuna ule msemo wa tembo wawili na nyasi, nadhani kila mtu akiandika kuhusu watoto wa wazazi walioachana unamjia wa kwanza. Mi nilijipiga marufuku kuutumia, hata kuuwaza. Nyasi hazifanyi kitu, zinaumia tu zimelala hapo. Huyu mtoto anafanya kazi, tena kazi ngumu kuliko ya hao wakubwa, anapima kila neno kabla halijatoka, anakumbuka nani anajua nini, nani asijue nini, anacheka kwa kiasi. Ukimwandika kama nyasi umeandika huruma, na huruma haiendeshi hadithi, msomaji anasikitika ukurasa wa kwanza kisha anaanza kuangalia meseji zake.

Nilichofanya kabla sijaandika sentensi hata moja, nilichukua daftari nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto naandika kilichotokea kweli kwa baba, kulia naandika mtoto alichosema akirudi kwa mama. Kushoto: amejifunza kuendesha baiskeli. Kulia: "tulikaa tu". Kushoto: baba alilia jikoni akidhani hakuna anayemwona. Kulia: hakuna kitu, patupu. Halafu ukurasa unaofuata nageuza, kilichotokea kwa mama na kilichofika kwa baba. Nikaja kugundua vitu vizuri ndo vinafichwa zaidi kuliko vibaya, na sikuwa nimelipanga hilo, lilijileta lenyewe. Mtoto akipigwa kwa baba anaweza akasema. Akifurahi kwa baba hasemi. Na nikikuta mstari ambao kushoto na kulia vinafanana naukata, hauna kazi kwenye hadithi fupi.

Binti nilimpa miaka 9. Mdogo zaidi ya hapo hajui kuficha vizuri, mkubwa zaidi anaanza kujibu jeuri na jeuri inampunguzia mzigo. Alikuwa na kaka kwenye mawazo yangu ya mwanzo ila nilimtoa, kwa sababu ndugu wawili wanagawana siri usiku kitandani, na mimi nilitaka awe hana wa kugawana naye.

Nafsi ya kwanza au ya tatu, hapa watu wanabishana sana. Mtoto akisimulia mwenyewe kwa "mimi" anakuwa analazimika kueleza kwa nini ameficha, na akishaeleza basi imeisha, siri imekuwa hotuba. Nikaenda na nafsi ya tatu lakini imemganda yeye tu, msimulizi haoni kitu ambacho binti hakioni, haingii chumbani kwa wakubwa, hajui wanachoongea kwenye simu zaidi ya upande mmoja unaosikika. Faida yake ni kwamba msomaji anaelewa mambo ambayo binti anayaona bila kuyaelewa. Henry James alishafanya hivi kwenye riwaya yake ya mwaka 1897, What Maisie Knew, wazazi wameachana na mtoto anagawanywa miezi sita huku, miezi sita kule, wanamtumia kubebeana matusi, mpaka siku anaamua atajifanya mjinga asiyekumbuka chochote ili asibebe tena. Sentensi zake ni ndefu balaa, sitamdanganya mtu kwamba inasomeka kirahisi, ila ule uamuzi wa mtoto kujifanya mjinga ni dhahabu. Ujinga wa kujitakia. Kwangu ukawa ni ile "kawaida tu".

Sa wazazi. Nilijiwekea sharti moja tu, kila mmoja awe na kitu ambacho msomaji angekimiss kama mzazi huyo ndo angekuwa ameondoka pale nyumbani. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu ukimfanya baba mlevi na mpigaji basi hakuna moyo uliogawanyika tena, kuna mtoto anayetakiwa kuokolewa, na hiyo ni stori nyingine halali kabisa ila siyo hii. Moyo unagawanyika pale tu ambapo pande zote mbili zinapendeka. Daktari wa akili Ivan Boszormenyi-Nagy na mwenzake Geraldine Spark waliandika kitabu mwaka 1973 kuhusu mambo haya ya uaminifu ndani ya familia, na wazo lao nililoondoka nalo ni kwamba mtoto anafika mahali kumpenda mmoja kunakuwa ni kumsaliti mwingine. Sikutaka neno usaliti lionekane popote kwenye hadithi. Nilitaka lionekane kwenye nywele.

Maana baba ana mwanamke mwingine, binti anamwita anti, na anti anajua kusuka. Mama hajui, au hana muda, sikusema. Wikiendi ile anti amemsuka binti vizuri kweli, binti amejiangalia kwenye kioo mpaka akaona aibu. Jumapili jioni baba anamrudisha kwa mama, binti amekaa siti ya nyuma. Nawawekea kipande:

"Alianza na suko la nyuma, lile ambalo kioo cha baba hakilifikii. Akafumua taratibu, kichwa amekiegemeza dirishani kama amelala. Kufika la tatu baba akamwona. Akaongeza sauti ya redio."

Halafu nyumbani kwa mama:

"Mama akampitisha vidole kichwani, akakuta nywele bado zina mikunjo. Vidole vikasimama. 'Zimejaa vumbi hizi,' akasema. 'Njoo tuzioshe.'"

Hii sehemu niliandika haraka kisha nikakaa nayo muda mrefu kuliko hadithi yote iliyobaki, nikitoa tu. Mwanzoni baba alikuwa anauliza "mbona unafumua?" nikatoa, maana akiuliza itabidi ajibiwe. Mama alikuwa anauliza "nani kakusuka?" nikatoa. Redio nayo nilikuwa nimeandika inapiga wimbo gani, nikatoa, msomaji angeanza kutafuta maana kwenye wimbo. Watu watatu wote wanajua, wote wamenyamaza, na kila mmoja ananyamaza kwa ajili ya mwingine, baba anaficha kwamba ameona, mama anaosha ushahidi kwa sabuni. Kama binti angesema hata mara moja "mnaniumiza", yote hiyo ingeyeyuka.

Kilichonipa shida kweli ni mahakama. Nilikuwa nimepanga kabisa iwepo, mtoto anaulizwa na mkubwa mwenye koti unataka kukaa na nani, kwa sababu tumeiona sana kwenye muvi na inaonekana ndo kilele. Kabla sijaiandika nikaenda kusoma Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, nilitaka tu maneno ya kumpa yule mkubwa aongee kitaalamu. Kifungu cha 9 kinasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuendelea kuwasiliana na wazazi wake wote wawili, isipokuwa pale inapokuwa na madhara kwake. Cha 12 kinasema ana haki ya kutoa maoni yake kwenye mambo yanayomhusu na yakapewa uzito kulingana na umri na upevu wake. Nimesoma mara mbili mbili, hakuna mahali panaposema mtoto achague mzazi. Kusikilizwa ni kitu kimoja, kulazimishwa kuchagua ni kingine kabisa, na ile sini ya muvi inavichanganya makusudi kwa sababu inataka machozi. Nikaiacha mahakama nje. Badala yake nikaweka swali dogo la mwalimu: andika namba ya simu ya mzazi, na kwenye fomu kuna mstari mmoja tu. Binti anaandika namba ya mama nusu, anaendelea na ya baba nusu. Namba isiyompata mtu yeyote. Hapo ndo hadithi inaishia.

Rafiki yangu mmoja aliposoma akanipigia, "Sa we dada, mwisho wa siku anampenda nani zaidi?" Nikamwambia sijui, na kama ningejua ningeificha na yeye asingeijua. Akakasirika kidogo. Mwingine akasema mama ni mkatili kwa kuosha zile nywele, mwingine akasema ndo mtu mwenye upendo kuliko wote mle ndani, wakaanza kubishana wao kwa wao mi nikakaa kimya, na nilifurahi kwa kweli. Mhariri aliyeipokea alitaka binti alie mwishoni, hata chozi moja. Nilimkubalia kubadilisha jina la hadithi maana la kwangu lilikuwa bovu, chozi nikakataa, akaichapa hivyo hivyo.

Sasa hivi niko na yule kaka niliyemtoa. Ana miaka 15, ameacha kabisa kwenda kwa baba, na akiulizwa anasema ni kwa sababu ya mechi za Jumamosi. Daftari nimeshachora mstari, ila upande wa kulia bado una neno moja tu, mechi.