Mtoto wa pwani nilivyozuiwa na maji Northumberland

Nlikuwa kwa dada Newcastle mwisho wa Septemba, shemeji akasema twende Northumberland ukaone Lindisfarne, kisiwa ambacho maji yakipwa unaingia na gari, yakijaa barabara inamezwa na bahari. Nikacheka. Mzaliwa wa Tanga mie, kupwa na kujaa nimekuona tangu sijaota meno, nani wa kunifundisha.

Tukachelewa kutoka (chapati za dada, na siwezi kumlaumu maana nilikula nne), tukapanda kaskazini saa nzima na zaidi, kulia bahari inatokea na kujificha, kushoto kondoo tu, maana huu ndo mkoa wa mwisho wa England, ukiupita umeingia Scotland. Kufika mwanzo wa barabara ya kisiwani kuna ubao wa onyo wenye picha ya gari lililozama, yaani wamekuchorea kabisa. Saa za kuvuka zilikuwa zimeisha dakika kumi nyuma. Mbele nikaona maji ya kifundo cha mguu yanapita juu ya lami, nikamwambia pita hapo mbona ya kawaida haya.

"Shemeji, hapa si Likoni, hakuna feri ya kuja kukutoa." Mmombasa huyo. Akazima gari.

Wallahi hazikupita dakika ishirini lami haipo. Maji hayakuja na mawimbi wala kelele, yalitambaa mchangani kimyakimya ka chai iliyomwagika mkekani, ukigeuka huku yameshapita kule. Kilichobaki juu ni kibanda cheupe cha mbao kwenye miguu mirefu, na ngazi yake, wamewajengea wajuaji ka mimi wapande wasubiri. Na wala siku hiyo haikuwa bamvua, zile siku maji yanajaa kupita kawaida.

Sasa tuna masaa matano ya kuua. Ukuta wa Hadrian, ule Warumi walioanza kuujenga mwaka 122, uko mbali kusini, tukauacha. Tukarudi Bamburgh, kuna ngome kubwa imekaa juu ya jabali inatazama bahari, nzuri ndio, ila mi kilichonishika ni kajumba ka makumbusho ya Grace Darling. Huyu alikuwa binti wa mlinzi wa mnara wa taa visiwa vya Farne. Septemba 1838 meli ya mvuke Forfarshire ikagonga mwamba usiku wa dhoruba, asubuhi yeye na babake wakatoka na mashua ya makasia, watu 9 waliokwama jiweni wakaokolewa kwa safari mbili. Ana miaka 22! Akawa maarufu nchi nzima, miaka minne baadaye kifua kikuu kikamchukua. Mashua yenyewe ipo mule ndani, haina hata sitaha, nikasimama pale nikafikiria bahari ya kule na baridi yake nikafunga zipu ya koti.

Alasiri tukarudi, lami imetokea, mwani umejazana pembeni. Kushoto... samahani, kulia kuna miti imesimikwa mchangani mstari mrefu, ndo njia ya mahujaji wanaovuka kwa miguu, wengine peku. Kisiwani watu hawafiki 200. Mtawa Aidan alikuja toka Iona, kisiwa cha Scotland, mwaka 635 akaanzisha monasteri, 793 Waviking wakashuka kutoka baharini wakaua na kupora, na magofu mekundu unayoyaona leo ni ya kanisa lililojengwa baadaye sana. Nilichopenda zaidi ni mashua kuukuu za wavuvi zimekatwa na kupinduliwa kifudifudi, zimetiwa mlango, zimekuwa stoo. Halafu kukawa na sauti inatoka fungu la mchanga, nikadhani kuna msiba mahali, kumbe ni sili, wale wanyama wa baharini, wanalia.

Tunatoka giza linaingia, tulipofika usawa wa kile kibanda shemeji akapunguza mwendo.

"Nisimame ukapande kidogo, mtoto wa pwani?"

Nikajifanya naangalia simu.