Betri za Msamvu

Betri nilizinunua Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, dirishani mwa basi, kwa kijana aliyeshika boksi la karanga mkono mmoja na duka zima mkono wa pili. Nane kwa bei ya nne. Ningekuwa na akili ya leo ningejiuliza kulikoni. Lakini ilikuwa 2010, nasoma shahada ya uzamili ya isimu, fedha ya utafiti imeingia nusu, na nakimbilia Gairo kabla mitihani ya muhula haijaanza.

Nilikuwa nakwenda kutafuta jambo ambalo kila Mtanzania aliyepita sekondari analijua: mlango wa darasa ukishafungwa, mwalimu anafundisha kwa lugha gani hasa? Kwenye karatasi jibu ni fupi. Shule ya msingi ya serikali ni Kiswahili, kuanzia kidato cha kwanza ni Kiingereza. Mtoto anamaliza darasa la saba anajua usanisinuru ni nini, akifika sekondari neno hilo halina kazi tena. Tume ya Makweta, iliyoundwa na rais kuangalia elimu, ilipendekeza 1982 kwamba ifikapo Januari 1985 Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza. Januari hiyo ilikuja ikapita. Katikati hapo, 1984, watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walizunguka kuwapima wanafunzi, wakakuta Kiingereza chao hakitoshi kusomea masomo mengine, na dawa iliyotolewa ikawa kuongeza nguvu Kiingereza hichohicho. Kisha kuanzia 2002 ukaja mradi wa LOITASA, wa Tanzania na Afrika Kusini, wa kulinganisha darasa linalofundishwa kwa lugha ya wanafunzi na linalofundishwa kwa Kiingereza. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma na kuyapigia mistari. Nia yangu mimi ilikuwa ndogo: kuhesabu.

Nilichora jedwali. Kila dakika kisanduku, kila kisanduku herufi moja: K kwa Kiingereza, S kwa Kiswahili, M kwa mchanganyiko. Kinasa sauti mezani ili baadaye nijisahihishe. Nililipenda jedwali lile kupita kiasi.

Tatizo nalo nilikuwa nalijua. Mwanaisimu William Labov alishalieleza zamani: mtafiti wa lugha anataka kujua watu wanavyoongea wasipotazamwa, na njia pekee ya kujua ni kuwatazama. Kwenye andiko langu la utafiti niliandika aya nzima juu ya kitendawili hicho na kukitatua palepale: ningekaa darasani wiki mbili hadi wanizoee. Fedha ikatosha siku tatu.

Ilikuwa shule ya kata, nje kidogo ya mji, Gairo ikiwa bado ndani ya wilaya ya Kilosa. Upepo wa pale unajua kutafuta tundu la sweta. Uwanjani saa ya mapumziko unasikia Kikaguru huku, Kiswahili kule, na vijana wawili watatu wa Kimaasai wakisemezana kwao, halafu mpira ukitoka nje wote wanagombana kwa Kiswahili. Ukutani kumepakwa rangi amri ya kuzungumza Kiingereza tu. Sikuicheka. Mimi nilipokuwa kidato cha pili nilivishwa kibao shingoni kutwa nzima kwa kusema "naomba kalamu".

Mwalimu wa biolojia alikuwa mtu mzima, mpole, wa kuniita "mwanangu" tangu tulipopeana mikono. Siku ya kwanza alikuja amevaa tai. Walimu wenzake walimtazama ile tai kwa namna ambayo ningepaswa kuielewa.

Vipindi viwili vimeunganishwa, dakika 80, kidato cha pili, mada ni osmosisi. Alitamka fasili yote bila kutazama daftari, ile sentensi ndefu ya molekyuli za maji na utando, wanafunzi wakaiitikia kipande kwa kipande kama wanajibu salamu. "Are we together?" "Yeees!" Aliuliza nani ana swali. Kimya. Nikajaza visanduku. K 78, S 2, na hizo S mbili ni pale alipomwambia kijana wa nyuma afunge dirisha, vumbi linaingia.

Mwisho nikawagawia karatasi yenye swali moja la Kiingereza: kwa nini kipande cha kiazi kilicholala kwenye maji ya chumvi hulegea? Usiku, gesti, nikazipitia kwa mwanga wa simu. Nyingi zilikuwa zimenakili swali langu, neno kwa neno, kwa mwandiko wa kupendeza, mahali pa jibu. Aliyenakili vizuri kuliko wote alikuwa binti wa dawati la mbele. Hata alama yangu ya kuuliza aliirudisha.

Siku ya pili nilipanga betri mpya. Dakika ya kumi na moja taa nyekundu ikazima. Nikabadilisha, ikawaka, ikazima. Nikatoa nyingine nikazisugua kwenye kanga, nikazing'ata kama tulivyokuwa tukifanya za redio ya babu. Wapi. Darasa zima lilikuwa limeacha ubao linanitazama mimi.

"Imekufa?" mwalimu akauliza, kwa Kiswahili.

"Imekufa, mwalimu."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akaenda kurudishia mlango. Akalegeza tai. Akaweka chaki chini, akafuta vidole kwenye suruali, akasema, "Haya. Nani kwao anapika?"

Kicheko. Mikono ikainuka, ya wavulana kwa kuchelewa. "Kachumbari mnatengenezaje?" Binti wa dawati la mbele alisimama kabla hajaitwa. Vitunguu unavikata vyembamba, unavitia chumvi, unavifikicha, unaviacha. Baadaye unakuta bakuli lina maji.

"Wewe uliweka maji?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa yametoka wapi?"

Akanyamaza kidogo, akitazama mikono yake kana kwamba vitunguu bado vimo. "Yamo kwenye kitunguu. Chumvi imeyaita."

"Imeyaitaje? Chumvi ina mdomo?"

Hapo darasa likafumuka. Mmoja akasema nje kuna chumvi nyingi na ndani hakuna, kwa hiyo maji yanakwenda kusaidia. Mwingine: kwa nini isiingie chumvi? Inaingia, kachumbari si ina chumvi! Hiyo ya juujuu tu! Kijana wa nyuma, yule wa dirisha, akauliza swali ambalo hadi leo naliona bora kuliko langu la hojaji: mbona mama zetu sokoni mchicha ukinyauka wanaunyunyizia maji, unasimama tena? Maji yametoka au yameingia? Mwalimu akacheka hadi akashika meza. "Umeniibia kipindi cha kesho, mjinga wewe." Kijana akakaa, amejaa sifa.

Mimi sikuwa na chombo. Niliandika nyuma ya fomu za ridhaa, mbio, herufi zinapandana. Jedwali sikuligusa. Ningeweka nini? M? Alikuwa akisema osmosisi, molekyuli na konsentresheni katikati ya Kiswahili bila mtu kujikwaa, na dakika moja ilikuwa na watu wanane ndani yake.

Zilipobaki dakika kumi akachukua chaki, akaandika fasili ileile ya jana kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani utakuja kwa Kiingereza na mtihani haupiki kachumbari. Nikapita kati ya madawati. Binti alikuwa ameinakili yote kwa kalamu ya bluu. Pembeni, kwa penseli, ndogo sana, ameandika *kitunguu*, na mshale unaotoka nje.

Kuna wanaodhani wanaotetea Kiswahili darasani hawataki watoto wajue Kiingereza. Wale watoto walikitaka Kiingereza, na mimi nakiishi. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameitetea hoja hii miaka mingi: kufundishwa Kiingereza ni jambo moja, kufundishwa kila kitu kwa Kiingereza ambacho bado hujakijua ni jingine.

Jioni nilimfuata mwalimu ofisini kumwomba ruhusa ya kutumia nilichokiandika. Alikuwa anasahihisha madaftari.

"Fomu yako ilisema unakuja kunasa," akasema. "Ulinasa?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi pale tulikuwa tunaongea, mwanangu. Mkaguzi akisoma karatasi zako ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe."

Nilijaribu kumweleza kwamba jina halitatajwa. Akanitazama kwa huruma. Shule zenye mwalimu mmoja wa biolojia ni ngapi, na nani asiyejua mtafiti alilala gesti gani? Alikuwa na haki. Zile fomu sikuzitumia. Tasnifu yangu ilitoka na majedwali yaliyojaa K, na kwenye sura ya mipaka ya utafiti kuna sentensi moja ya kuzungukazunguka ambayo msimamizi wangu aliipigia duara na kuuliza pembeni kulitokea nini. Nilimweleza kwa mdomo. Haya ninayoyasimulia leo nayasimulia kwa kuwa mwalimu amestaafu, na nilipompigia alicheka na kusema sasa waje.

Siku ya tatu nilipitia dukani, nikanunua betri za bei yake. Niliketi nyuma kabisa, karibu na dirisha, nikakiweka kinasa sauti mezani kimya kimya. Taa nyekundu ikawaka. Mwalimu aliiona kutoka mlangoni. Binti wa mbele naye aligeuka, akaiona, akarudisha uso ubaoni.

Mwalimu akakaza tai.

"Good morning, class."