Sinai usiku: kupanda kuna mwisho, kukaa ndiko kazi

Tuliingia kijiji cha Mtakatifu Katerina alasiri, jua likiwa bado juu ya majabali, na hilo ndilo jambo la kwanza la kumshauri yeyote anayekwenda Mlima Sinai: fika mapema, ule, ulale, kisha upande. Mabasi mengi ya wageni huondoka Sharm el-Sheikh, mji wa pwani wa Misri, usiku. Baada ya mwendo wa saa 3 huwashusha watu chini ya mlima wakiwa wamepinda shingo, wakapanda, wakalitazama jua, wakarudi pwani. Wakifika juu macho ni mazito, na mtu mwenye usingizi haombi. Anasinzia huku Biblia imefunguka mapajani.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 19, kiko wazi hapa. Kabla Mungu hajashuka juu ya mlima, watu waliagizwa wafue nguo zao na kujiweka tayari leo na kesho, maana siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Ukiacha hayo maandalizi, unapanda mlima wa mawe tu. Ni hivyo hivyo kwa ibada binafsi ya nyumbani, maana sala ya alfajiri huharibikia usiku uliotangulia. Mtu anakaa na simu hadi saa 6, anatega kengele ya saa 11, anaizima mara tatu, kisha anasema shetani anampiga vita. Shetani hana haja ya kujisumbua. Kinachotakiwa jioni ni kidogo sana: chagua fungu utakalosoma, liweke alama, liache mezani pamoja na kalamu, na simu ilale chumba kingine. Asubuhi mtu hana akili ya kuchagua. Akianza kupekua kurasa, dakika zimekwisha.

Kundi letu lilichagua Kutoka 24:12–18, mistari saba tu. Tuliisoma kwa sauti mara moja kabla ya kulala, bila mtu kuifafanua.

Mzigo wa kupanda nao ni mdogo. Usiku, maji lita 2 kwa kila mtu yanatosha. Anayepanda mchana wa kiangazi achukue 3 au zaidi. Tochi iwe ya kufunga kichwani ili mikono yote iwe huru, na betri za akiba zikae mfuko wa ndani, kwa sababu baridi humaliza chaji. Nguo zinawashinda wengi kuliko mlima wenyewe. Mtu anahisi baridi chini, anavaa koti zito, anatembea nusu saa, fulana inalowa jasho. Juu kuna upepo, na miezi ya Desemba hadi Februari nyuzi hushuka chini ya sifuri. Fulana iliyolowa chini ya koti zuri humtetemesha mtu hadi jua litoke. Anza safari ukisikia baridi kidogo, koti likiwa kwenye begi, na ubebe fulana kavu ya kubadilisha ukifika. Huo ndio mzigo wenye thamani kuliko yote.

Mlangoni polisi hukagua pasi za kusafiria, na hakuna anayepanda bila kiongozi Mbedui. Viongozi hawa ni wa kabila la Jebeliya, ambao kwa mapokeo yao wamekuwa walinzi na watumishi wa monasteri ya Mtakatifu Katerina, iliyo chini ya mlima, tangu ilipojengwa kwa amri ya Kaisari Justiniani katika karne ya 6. Wetu alikuwa mzee mwembamba, kilemba shingoni, asiyesema sana.

Tuliondoka saa 7 usiku kwa njia ya ngamia. Monasteri iko kwenye mita kama 1,570 kutoka usawa wa bahari na kilele kiko mita 2,285, kwa hiyo kazi ya usiku ni kupanda mita 700 hivi, saa mbili na nusu hadi tatu. Mzee alitembea polepole mno, hata vijana wa kundi jingine wakatupita wakicheka. Tuliwakuta kwenye kibanda cha chai, wameinama, mikono magotini. Kipimo chake kilikuwa rahisi: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kuhema, unakwenda mbio. Na mapumziko yawe dakika 3 hadi 5 tu, ukiwa umesimama au umeegemea jiwe. Anayekaa dakika 20 kwenye kibanda huinuka misuli imeshapoa, na kila hatua inakuwa ya kuanza upya.

Kasi kama ya vijana wale ndiyo inayoua maisha ya sala ya watu wengi. Mwamini anatoka kwenye mkutano amewaka, anaapa kuomba saa nzima kila alfajiri na kusoma sura kumi kwa siku. Wiki ya kwanza anaweza. Wiki ya tatu anaruka siku moja, anajiona mkosaji, anaruka ya pili kwa aibu ya ile ya kwanza, na mambo yanakufa kimya kimya. Anza na dakika 10. Moja ya kunyamaza. Nne za kusoma mistari isiyozidi kumi, mara mbili. Nne za kumwomba Mungu kutokana na hiyo mistari, si kutokana na orodha ya mahitaji. Ya mwisho ya kuandika sentensi moja tu ya kubeba siku hiyo. Ukikaa mwezi mzima bila kuongeza, ongeza dakika 5. Siku ukiruka, kesho rudi kwenye kumi zile zile, wala usilipe deni. Mungu hakutozi riba.

Ngamia wenyewe wapo njia nzima, na wenye ngamia hawachoki kuuliza kama umechoka. Hakuna ubaya kumpanda, hasa kwa mwenye magoti mabovu. Ila ngamia huishia chini ya ngazi 750 za mwisho, na kuanzia hapo kila mtu anakwenda kwa miguu yake. Ngazi ni mawe yaliyopangwa bila kulingana, mengine urefu wa kiganja, mengine yanafika karibu na goti. Weka unyayo wote juu ya jiwe, si vidole tu, na ukikuta ngazi ndefu tafuta jiwe dogo pembeni ulipande kwanza. Kundi letu lilipanda sehemu hii bila kusema. Kila mmoja alikuwa na mstari wake wa Zaburi wa kurudia kimoyomoyo kwa mwendo wa pumzi.

Juu kuna kanisa dogo la Utatu Mtakatifu, lililojengwa mwaka 1934 kwa mawe ya kanisa la kale la karne ya 6, na msikiti mdogo karibu yake. Kanisa huwa limefungwa. Watu hujazana upande wa mashariki wakiwa wamejifunika blanketi za kukodi. Jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi, likitangulia au kuchelewa kufuatana na majira, na kwa dakika chache milima yote ya granaiti hugeuka rangi ya kutu, halafu ya dhahabu. Simu mia zinainuliwa. Kisha, kwa haraka ya ajabu, kilele kinakuwa kitupu. Wengi huondoka ndani ya nusu saa, kwa kuwa basi linasubiri.

Hapo ndipo ile mistari saba ilipotukamata. Musa hakuitwa apande tu. Aliambiwa apande akae huko. Wingu likaufunika mlima siku sita, na siku ya saba ndipo Bwana akamwita kutoka katikati ya wingu. Maandiko hayasemi Musa alifanya nini siku zile sita. Alikuwepo, basi. Mimi naona sehemu hiyo ya habari ni ngumu kuliko zile siku 40 zilizofuata, kwa sababu katika zile 40 kulikuwa na maneno.

Tulikubaliana kukaa saa moja kimya baada ya jua kutoka. Utaratibu ulikuwa huu. Kila mtu akatafuta jiwe upande wa magharibi, ambako mwamba unakinga upepo, mbali na mwenzake kiasi cha kutosikia pumzi yake. Simu zikazimwa kabisa, si kunyamazishwa. Kila mmoja akawa na karatasi, kalamu na mstari mmoja. Dakika kumi za kwanza kichwa hujaa kelele: kazi iliyobaki, deni, maneno aliyokutupia mtu juzi. Anayepigana na mawazo hayo atatumia saa nzima kwenye vita hivyo. Yaandike, kila moja kwa neno moja, kisha rudi kwenye mstari. Likirudi lile lile mara ya tatu, hilo halikuvurugi tena. Hilo ndilo la kuombea. Mwisho wa saa ile karatasi inakuwa orodha ya sala ya kweli kuliko yoyote ambayo mtu angeitunga kwa adabu.

Baada ya kelele huja uchovu wa kukaa bure. Hakuna kinachotokea. Wengi husimama wakati huo wakasema Mungu hakusema kitu. Eliya naye alikuja mlima huu, ambao Biblia pia huuita Horebu, na katika 1 Wafalme 19 upepo ukapita, tetemeko likapita, moto ukapita, ndipo ikaja sauti ndogo ya utulivu. Mahubiri mengi huishia hapo. Yasiyosemwa sana yako mwanzoni mwa sura: nabii amelala chini ya mretemu akitaka kufa, na malaika hamkemei wala hampi somo. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, anamlisha mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baada ya siku 40 za njia. Mtu aliyechoka mwili na moyo asianze na mfungo wa siku tatu. Aanze na chakula na usingizi, kisha dakika 10 zake. Nimewasikia washauri wa kiroho wakifanya kinyume, na matokeo yake ni watu wanaodhani imani yao imekufa kumbe wana njaa.

Kuteremka tulitumia njia ya pili, ngazi za toba. Jumla yake hadi kileleni huhesabiwa 3,750, na mapokeo yanasema zilijengwa na mtawa kama malipizi. Usiku hazifai, maana ni mwinuko mkali na mawe hulegea. Mchana ni saa moja na nusu hadi mbili, na magoti ndiyo yanayolipa. Fimbo moja husaidia sana. Penye ngazi ndefu geuka ubavu, ukitanguliza chini mguu ulio dhaifu zaidi, ule wenye nguvu ubaki juu ukubebe.

Katikati ya njia kuna tao la mawe, mlango wa maungamo. Katika karne ya 6 mtawa Stefano alikaa hapo akisikiliza maungamo ya mahujaji kabla hawajaendelea juu. Mifupa yake, imevikwa mavazi ya kitawa, ingali katika nyumba ya mifupa ya monasteri. Kiongozi wa ibada wa kundi letu alitusimamisha chini ya tao akatupa kazi moja: andika jina la mtu mmoja unayepaswa kupatana naye, kosa lako kwa maneno yasiyozidi kumi, na siku utakayompigia. "Nisamehe makosa yangu yote" haikuruhusiwa. Toba ya jumla ni rahisi kwa sababu haigusi mtu yeyote, na Mathayo 5 inataka sadaka iachwe madhabahuni kwanza, mtu akapatane na ndugu yake. Jina, kosa, tarehe. Bila tarehe, karatasi hukaa kwenye begi.

Kuna wanaobishana kama huu ndio mlima wenyewe. Mapokeo ya hapa ni ya tangu karne ya 4, na wengine huelekeza kwenye Ras Safsafa, jirani, kwa sababu uwanda wa er-Raha, unaodhaniwa kuwa kambi ya Waisraeli, hauonekani kutoka kilele hiki tulichopanda. Ukitoka monasteri kwa gari utapita kilima kidogo cha Haruni, panaposemwa ndama wa dhahabu alitengenezwa. Sababu yake imeandikwa katika Kutoka 32: Musa alikawia kushuka. Hawakuacha dini, walichoka kungoja, wakatengeneza kitu kinachoonekana.

Monasteri, yenye kile kijiti ambacho watawa hukitunza kama kijiti cha Kutoka 3 kilichowaka moto bila kuteketea, hupokea wageni kwa kawaida kuanzia saa 3 asubuhi hadi kabla ya saa 6 mchana, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa. Ijumaa na Jumapili hufungwa kwa wageni, na sikukuu za Waorthodoksi pia. Anayekaa saa moja juu na kushuka kwa ngazi za toba hufika mlangoni saa 3 kamili au baada yake kidogo, muda mzuri. Usipande usiku wa kuamkia Ijumaa wala wa kuamkia Jumapili.