Siku Moja na Akina Mama Wakichwa, Ukingoni mwa Mto Napo

Saa kumi alfajiri, katika jimbo la Napo, mashariki mwa Ekuador, moto huwa umeshawashwa na sufuria ya wayusa inachemka. Wakichwa, jamii asilia ya huku Amazoni, hunywa majani haya ya msituni, yenye kafeini kama chai, kabla hakujapambazuka, huku wakisimuliana ndoto na kugawana kazi za siku. Mimi huja na daftari, kwa sababu hapo ndipo kikundi kinapoamua nani atapokea wageni, nani atapika, na nani anauguza mtoto nyumbani na asipangiwe zamu. Wengi wakisikia kwamba ninasaidia utalii unaoendeshwa na wanawake wa jamii asilia, hudhani kwamba kazi yangu ni kutembeza watu msituni. Wanaowatembeza wageni ni akina mama wenyewe. Kazi yangu ni simu, barua pepe, ankara na hesabu, na kuhakikisha kwamba kilichoamuliwa na wenye mji hakipinduliwi na mtu aliyeketi ofisini Quito, mji mkuu.

Kuanzia saa moja hadi saa tatu nilikagua vyandarua na maboya ya kwenye mtumbwi wa injini, nikathibitisha idadi ya samaki watakaofungwa majanini na kuchomwa.

Saa tatu na nusu wakala mmoja wa usafiri alipiga simu. Wageni wake 14, tuliowatarajia kesho yake, walikuwa wamekwisha kuondoka Quito, na alitaka wapokelewe siku hiyohiyo, kwa bei iliyopunguzwa, malipo yafuate baada ya siku 60. Alitaka pia tufute matembezi ya chakra, yaani shamba la mseto la Wakichwa, kwa kuwa shamba, alisema, si kivutio. Badala yake akina mama wacheze ngoma mara tu wageni watakapotia mguu ufukoni, na watoto wapangwe mstari wapigwe picha. Nilimweleza kwamba siku ya kufika inaweza kuzungumzwa, lakini hayo mengine si yangu kuyakubali. Akaniomba nimpe meneja. Nilimjibu kwamba uamuzi ni wa mkutano wa akina mama, akakata simu, kisha akapiga tena kudai jibu kabla mkutano haujaketi. Mvua ikashuka, mtandao ukapotea, nikalazimika kupanda kilimani mara kadhaa kusoma ujumbe uliorudia madai yaleyale.

Dai la chakra ndilo lililoniuma zaidi. Katika shamba hilo mihogo, ndizi, kakao, dawa na miti ya mbao hukua pamoja chini ya kivuli cha msitu, na ujuzi wa kulitunza hupita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Mwaka 2023 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliutambua mfumo huu wa kilimo wa Napo kuwa urithi wenye umuhimu kwa dunia nzima. Mgeni akiondolewa shambani, anaondolewa kwenye sababu yenyewe ya akina mama hawa kumkaribisha.

Mkutano uliketi jikoni, visu vikiendelea kumenya mihogo. Mama mwenyekiti alimsikiliza kila mmoja, kisha akaniambia, “Mwanangu, mwambie waje leo, tutawalisha. Chakra inabaki. Ngoma itachezwa usiku kama wenye nyimbo watapenda. Watoto hawapigwi picha. Na nusu ya fedha ifike kwanza.” Niliandika maneno hayo kama yalivyo na kuyatuma. Wakala alinung’unika sana, lakini nusu ya malipo ikaingia.

Baada ya hapo ilikuwa kungoja tu. Upande wa Baeza, mji ulio njiani kutoka Quito, ardhi ilikuwa imeporomoka, kama inavyotokea mara nyingi mvua ikizidi katika barabara ile ishukayo kutoka milimani, na chakula kilipashwa moto mara mbili. Wageni waliposhuka mtumbwini giza lilikuwa limeingia, wamechoka na wana njaa, na wakala alikuwa hewani tena akidai kwamba, kwa kuwa wamechelewa, shamba sasa lifutwe. Nilimjibu kwamba watakwenda asubuhi. Usiku huo waliketi na akina mama kukaanga kakao, kuimenya na kuisaga, na walikuwa na maswali mengi kuliko nilivyoweza kuyatafsiri kwa sauti iliyokwisha kukauka.

Wageni walipolala tulifanya hesabu. Mweka hazina alisoma kwa sauti kila dola iliyoingia na fungu la kila aliyefanya kazi, kisha fungu la mfuko wa pamoja. Kijana wa mtumbwi alipokea lake akatia sahihi, na nilifurahi kuliona jina lake katika daftari hilo, kwa maana huko mto Jatunyacu uchimbaji haramu wa dhahabu umefukua kingo, na vijana wa rika lake hutafutwa kwa kazi hiyo. Kabla ya kutawanyika akina mama waliamua kwamba kuanzia sasa wakala yeyote atalipa nusu kabla ya wageni kuondoka Quito. Niliandika barua hiyo usiku uleule, mwenyekiti akaisikiliza hadi mwisho, akabadili sentensi moja, akaniruhusu niitume.